Boti ya alumini ya zamani, Himbi: ni ya kampuni gani, na inaweza kurudi majini?

Mwana_Himbi (Goma)
Jambo bandugu wa humu. Nimenunua boti ya alumini iliyolala miaka mingi nyuma ya nyumba ya zamani hapa mtaa wa Himbi, kando ya Ziwa Kivu. Ng'ombe walikuwa wananyweshewa ndani yake. Watu wa mitraye (vyuma chakavu) walishafika, wameitajia bei ya kilo, ingekatwa vipande na kuyeyushwa iwe masufuria. Nikaongeza kidogo juu ya bei yao. Mama mwenye nyumba akasema chukua, lakini hori lingine uniletee, ng'ombe wangu watakunywa wapi?

Vipimo kwa mkanda: urefu 4.27 m, upana wa katikati 1.68 m. Tablo ya nyuma, pale moteri inapofungwa, ina upana wa 1.37 m na kimo cha 38 cm. Imeungwa kwa ribiti tupu, sioni mahali palipochomelewa. Viti vitatu vya kukatisha. Rangi ni kijani juu ya nyekundu juu ya nyeupe, kila mwenyewe alipaka yake. Hakuna jina popote, ila karibu na tablo kuna matundu manne madogo ya kibati kilichong'olewa. Ubao ndani ya tablo umeoza, kidole kinaingia. Na kando ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, kuna mtu aliziba kwa sementi. Ndiyo, sementi ya nyumba.

Imekuja na moteri ya Johnson isiyozunguka. Majirani wanasema boti ni ya Wabelgiji, lakini mtaani kwetu kila kitu kilichochakaa ni cha Wabelgiji. Nataka kujua ni ya nani, ya mwaka gani, na ibebe watu wangapi. Halafu nianzie wapi? Nafikiria kuishusha kwenye kishimo cha mawe ya lava pale chini karibu na maji, kuna kivuli kizuri.

Dada_Keshero (Goma)
Kaka, mambo ya boti wengine watakujibu, mimi nakamata hapo kwenye kishimo tu. Usifanye kazi humo. Upande wetu huu wa ziwa mazuku inajaa kwenye mabonde madogo kama hayo, hasa asubuhi upepo ukiwa haujaanza. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, haina rangi, na pua haikuonyi kitu. Wewe utakuwa umelala chini ya boti, kichwa ardhini, unapiga ribiti. Mbuzi wanafia humo kila mwaka. Weka boti juu, kwenye uwanja wazi, kivuli utatafuta kwa hema.

Mwana_Himbi
Aksanti dada. Nimeelewa, inabaki juu kwenye uwanja.

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Mdogo wangu, usitafute jina kwenye rangi. Rangi inadanganya, namba ndiyo inasema. Marekani, tangu tarehe 1 Novemba 1972, kila boti inayotoka kiwandani lazima iwe na namba ya mwili, herufi na tarakimu 12 kwa jumla. Iko nje ya tablo, upande wa kulia ukiangalia mbele, karibu na ukingo wa juu. Zingine zimegongwa moja kwa moja kwenye bati, zingine zilikuwa kwenye kibati. Ondoa rangi polepole kwa karatasi laini ya msasa na maji, hapo tu. Jioni washa tochi, ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya bati, namba itaonekana kwa kivuli chake. Ikikataa, weka karatasi nyembamba na usugue kwa penseli.

Boti za Ulaya zina namba yao ya herufi 14 inayoanza na alama ya nchi, lakini hiyo ilikuwa lazima kuanzia 1998, pamoja na alama ya CE. Yako inaonekana mzee kuliko hapo. Ukikosa namba kabisa, basi ama imetengenezwa kabla ya Novemba 1972, ama haikutoka Marekani, na hapo tutahesabu mbavu na kupima vichwa vya ribiti.

Mwana_Himbi
Imepatikana! Tochi ya pembeni imefanya kazi. Herufi ya kwanza imeliwa, naona sehemu ya chini tu yenye mviringo. Kisha TR, tarakimu tano, halafu mwisho inasomeka wazi: M75F.

Fundi_Kadutu
Hapo umekwisha kushinda. Herufi tatu za kwanza ni za mtengenezaji. Kama ile iliyoliwa ina mviringo chini, ni S, na STR ni Starcraft, wa mji wa Goshen, jimbo la Indiana. Hao walianza 1903 kama Star Tank, wakitengeneza matangi ya chuma ya kunyweshea mifugo mashambani. Kwa hiyo mama wa Himbi hakukosea sana.

Mwisho wake sasa. M maana yake hesabu inafuata mwaka wa modeli, na 75 ndio mwaka wenyewe. Herufi ya mwisho ni mwezi, ila mwaka wa modeli unaanza Agosti: A ni Agosti, B Septemba, C Oktoba, D Novemba, E Desemba, F Januari. Boti yako ilitoka kiwandani Januari 1975. Mita 4.27 ni futi 14 kamili. Jina la modeli usilisumbukie, halitabadilisha ribiti hata moja.

Muzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Januari 1975 Wabelgiji gani tena! Hiyo ni boti ya wakati wa Zaïre. Zairianizasio, yaani mali ya wageni kupewa wazairwa, ilitangazwa tarehe 30 Novemba 1973, mashamba ya kahawa na chai na maduka yakabadilisha wenyewe. Wageni waliobaki kando ya ziwa na kununua vitu vipya toka ng'ambo walikuwa zaidi watu wa misheni, na wazairwa wachache wenye mkono mrefu. Mimi nilikuwa kijana, boti za namna hiyo tuliziona zikipita kisiwa cha Idjwi Jumapili, zinang'aa hadi unafunga macho. Mwambie jirani yako aache kuwapa Wabelgiji kila kitu, wamekwisha kupewa vya kutosha.

Lushois_Kenya (Lubumbashi)
Bon, yaya, na moteri je? Johnson na Evinrude zilitoka kampuni moja, na kuanzia 1980 hadi miaka ya tisini walificha mwaka ndani ya namba ya modeli. Kibandiko kikifutika, tazama kwenye bloku yenyewe, kuna kifuniko kidogo cha duara kama kifungo cha shati, namba imegongwa juu yake. Chukua herufi mbili zinazotangulia ile ya mwisho kabisa. Kisha andika neno INTRODUCES na uhesabu: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. Huku kwetu tunasoma hivyo moteri zinazotoka maziwa ya Moero na Tshangalele, wauzaji wanasema "ni ya juzi" na kifungo kinasema mengine.

Mwana_Himbi
Inaanza J25, inamalizika CUD. Kwa hiyo C ni 8, U ni 7. Ni ya 1987, nguvu 25?

Lushois_Kenya
Ndiyo. Moteri imeikuta boti ina miaka 12. Ukiifufua, mafuta ni petroli 50 kwa oili 1, oili ya tutempsi (mapigo mawili) ya moteri za majini, si ile ya pikipiki. Badilisha kwanza mpira wa pampu ya maji, hata kabla ya kujua kama inawaka. Mpira uliokauka miaka hivyo utaiua moteri ndani ya dakika chache. Mambo mengine ya moteri yana nyuzi zao humu.

Mwalimu_Kemia (Goma)
Nimesoma neno sementi na nimekosa usingizi. Alumini inalindwa na ngozi yake yenyewe, oksidi nyembamba sana inayojitengeneza hewani. Ngozi hiyo inatulia pH ikiwa kati ya 4 na 8.5 hivi. Sementi mbichi inapita 12. Kwa hiyo aliyeziba kwa sementi alikuwa anatoboa upande mwingine. Bandua yote kwa kipande cha ubao mgumu, si kwa patasi ya chuma, na chini yake tarajia vishimo vyenye unga mweupe.

Pili, kuna mtu lazima atakushauri utoe rangi kwa soda kali ya watengeneza sabuni. Usikubali. Soda hiyo inakula alumini yenyewe na kutoa hidrojeni, rangi itatoka na boti itatoka nayo. Usitumie brashi ya chuma cha kawaida pia, inaacha chembe za chuma ndani ya bati na kila chembe ni mwanzo wa kidonda. Brashi iwe ya inoksi (chuma kisichoshika kutu), au sugua kwa msasa.

Tatu, uliza vizuri kama boti hii iliwahi kwenda upande wa wachimba dhahabu. Zebaki, ile ya kukamatia dhahabu, ikidondoka kwenye alumini inavunja ile ngozi na haiiruhusu kurudi. Bati linageuka unga mweupe unaoota wenyewe kama manyoya. Ndiyo maana ndege zinaikataa kabisa. Ukiona alama hiyo, kata hicho kipande chote, haipakwi rangi juu.

Na kwa Kivu yetu kuna jambo ambalo maandishi ya watu wa Marekani hayatakuambia. Wao wanasema maji ya ziwa hayana shida kwa alumini. Maji ya juu ya Kivu yana pH karibu 9 na chumvi zaidi ya gramu 1 kwa lita, kwa sababu ya hizi volkano. Si bahari, lakini si maji ya mvua. Boti yako isiwe inalala majini. Ipandishe, isuuze kwa maji ya mvua, iache ikauke.

Argon_Birere (Goma)
Walimu mnatisha watu. Hizo ribiti ni mambo ya babu. Lete kwangu Birere, nina argon, gesi ya kuchomelea alumini, nazungushia mkuku wote kwa siku moja, kazi imekwisha na haivuji tena milele.

Fundi_Kadutu
Ndugu yangu Argon, nakuheshimu, lakini hapa hapana. Bati la boti hii lina milimita 1.6 hadi 2. Kati ya mabati mawili yaliyopandana kuna mastiki (gundi ya kuzibia) ya zamani, mafuta, maji ya ng'ombe na udongo wa nusu karne. Ukileta moto, uchafu wote unachemka ndani ya kuchomelea kwako, unabaki na matundu kama sifongo. Bati linatanuka, ribiti za jirani zinalegea, kesho unaita mteja akuletee tena mkuku wa upande wa pili. Mimi nimeona boti moja ilizunguka hivyo hadi ikawa haina hata futi moja ambayo haijachomelewa, na bado wanakombolea maji kwa bakuli.

Ribiti inayovuja kwa kawaida haijavunjika, imelegea tu. Mmoja analala nje na kushikilia nyundo nzito kwenye kichwa cha ribiti, mwingine anapiga mkia ndani kwa nyundo ndogo, mapigo machache ya haraka. Inakaza. Iliyoliwa au inayozunguka unaitoboa na kuweka mpya ya alumini iliyojaa. Mahali ambapo mkono haufiki ndani, ndipo unatumia ya kuvuta kwa koleo, lakini iwe ile iliyofungwa mwisho. Zile za kawaida za madukani zina tundu katikati, chini ya maji ni mfereji.

Argon_Birere
Sawa muzee. Mkuku nimewaachia. Lakini pembe za juu za tablo zilizopasuka nitachomea mimi, hapo ni juu ya maji na bati ni nene.

Fundi_Kadutu
Hapo nakubali kabisa. Safisha mpaka ing'ae kwanza.

Kirumba_Mwanza (Mwanza)
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa kubwa. Kabla ya kugusa ribiti yoyote, ndugu wa Himbi, ijaze maji kwa ndani. Iweke juu ya matairi, ibebwe vizuri chini ya mkuku na pembeni, mimina maji yafike kwenye kifundo cha mguu, usizidishe. Lita moja ni kilo moja, na huko uwanjani hakuna ziwa la kuishikilia kwa nje. Pita chini na kalamu ya nta, zungushia kila tone. Hapo utarekebisha zinazovuja, zisizovuja uziache na amani yao.

Fungua pia viti. Boti za aina hiyo zina povu jeupe chini ya viti ili zisizame zikijaa maji. Baada ya miaka yote hii povu limekunywa. Utashangaa uzito wake. Litoe lote, na usirudishe lile la kufungia televisheni: linanyonya maji, na petroli ikilimwagikia linayeyuka. Tafuta povu gumu la vyumba vya baridi. Ukikosa, chupa za maji zenye vifuniko vilivyokazwa, zijazane zisicheze. Sio mrembo lakini zinaelea.

Ubao wa tablo: usiweke mbao zilizotiwa dawa ya kijani kama za nguzo. Dawa ile ina shaba, na shaba ikikaa na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, skrubu za shaba hapana, rangi ya chini yenye shaba hapana, hata sarafu ikianguka ndani itafute uitoe.

Mwana_Himbi
Bandugu, habari mpya. Povu la chini ya kiti cha katikati lilitoka likidondosha maji, vijana wawili walilibeba. Tuliijaza maji kama alivyosema kaka wa Mwanza. Karibu kila kinachovuja kiko kwenye mkuku sehemu ya mbele, pale boti inapogonga mawe ikifika ufukweni, na sehemu iliyokuwa chini ya sementi. Hapo kweli kuna vishimo viwili vinavyopitisha mwanga. Alama ya zebaki hakuna, mwalimu, ulale.

Vishimo tumeweka kiraka cha bati la alumini kwa ndani, mastiki ya poliuretani katikati, ribiti pembeni kwa mistari miwili. Kwa tablo nimepata mti wa libuyu uliokauka vizuri, mbao mbili zimebandikwa kwa epoksi, kingo zote zimepakwa hadi kwenye matundu ya bolti. Bolti ni inoksi, kila moja imevaa mastiki. Ubao wa zamani ulitoka vipande, nikavipanga chini na kuchora umbo lake kabla ya kuvitupa, maana tablo ina mviringo kidogo upande wa chini.

Rangi nimesubiri. Mwalimu?

Mwalimu_Kemia
Rangi ya kwanza lazima iwe ile ya kushika alumini, ya epoksi au yenye asidi, na uipake siku hiyo hiyo uliyosugua, oksidi haisubiri. Ukipaka rangi ya geti moja kwa moja itabanduka kama ile ya kijani. Ndani ya boti si lazima upake, bati tupu linapumua vizuri zaidi. Na ufunge anodi ndogo ya magnezi au ya alumini karibu na moteri, ni kipande kinacholiwa badala ya boti. Zinki kwenye maji yasiyo ya bahari inajifunika ukoko na kulala.

Mtoto_wa_Kituku (Goma)
Sasa itabeba wangapi? Futi 14 naona watu kumi na magunia yao ya viazi toka Minova bila shida.

Fundi_Kadutu
Naona shida kumi. Kile kibati kilichong'olewa ndicho kingesema, na bila shaka ndiyo sababu kiling'olewa. Lakini kuna hesabu inayotumika Marekani kwa boti za chini ya futi 20: urefu kwa futi mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. 14 mara 5.5 ni 77, gawanya, ni 5. Watu watano, wa kilo 68 hivi kila mmoja. Gunia la viazi linakalia kiti cha mtu.

Moteri nayo ina yake. Kwa boti inayoongozwa kwa mkono kutoka nyuma, isiyo ya chini bapa: urefu mara upana wa tablo, 14 mara 4.5, ni 63. Mara 0.8, toa 25, unapata 25.4, na inapandishwa hadi tano inayofuata: 30. Johnson ya 25 inaingia. Mtu asikuuzie ya 40.

Dada_Keshero
Na jilé za kuokolea tano, si mbili zilizofungwa kwenye nailoni kwa ajili ya kuwaonyesha wakaguzi. Baada ya ile boti iliyozama Oktoba 2024 pale bandari ya Kituku, sitaki kusikia mtu anacheka juu ya hesabu ya watu. Watu walizama sisi tukiwaona toka ufukweni.

Mtoto_wa_Kituku
Dada uko sawa. Naondoa maneno yangu.

Lushois_Kenya
Yaya, neno moja la moteri nililiacha. Ziwa lenu liko mita 1,460 juu ya bahari. Moteri isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo hiyo 25 yako huko Goma inafanya kazi kama 21. Usimlaumu fundi wa kabireta bure. Weka jikleri (kitundu cha petroli ndani ya kabireta) ndogo zaidi kidogo, maana hewa ni nyepesi na petroli inazidi, buji (plagi) zinakuwa nyeusi. Na panga ya nyuma, ile inayozunguka majini, chukua yenye mwinuko mdogo, iweze kuzunguka hadi kasi yake.

Mwana_Himbi
Buji zilikuwa nyeusi kweli! Nimebadilisha jikleri, sasa zina rangi ya kahawia.

Boti imeingia majini juzi asubuhi, ziwa likiwa limetulia, tukiwa watatu na jilé tatu. Maji yaliingia kidogo kwenye ribiti moja ya mbele, nimeizungushia kalamu, itapigwa Jumamosi. Tulienda kandokando hadi upande wa Bulengo na kurudi, kuvuka kwenda Idjwi na kitu cha futi 14 sina haraka nako, upepo wa mchana naujua. Makaratasi ya komiseria ya ziwa, ofisi ya vyombo vya majini, yanafuata, ile namba ya Goshen imenisaidia kujaza fomu. Na mama wa ng'ombe amepata hori lake, nusu pipa la plastiki, anasema ni afadhali, halina ribiti za kukwaruza midomo.

Mtoto_wa_Kituku
Hongera kaka. Mimi nina ya polyester (fiberglasi) imepasuka chini, je, hayo ya mastiki na kiraka yanafaa pia?

Fundi_Kadutu
Polyester ni ugonjwa mwingine kabisa. Fungua uzi wake, uweke picha, na uipige ngumi ndogondogo chini yote kwanza utuambie wapi inalia tofauti.